Kugawana Mkondo Mmoja wa Intaneti Nyumbani: Mfano wa Meru na Embu

Utangulizi

Katika enzi hii ya utandawazi, tarakilishi si chombo cha ofisini pekee. Imeingia sebuleni, na imeingia pia katika vyumba vya kupanga vinavyozunguka vyuo vikuu. Kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, kutoka Embu mjini kupitia Runyenjes na Chuka hadi Nkubu na Meru, hali hii inaonekana waziwazi kwa kuwa vyuo vimeongezeka katika muda mfupi. Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya kilipata hati yake mwaka wa 2006. Chuo Kikuu cha Chuka na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru vilipata zao mwaka wa 2013, na Chuo Kikuu cha Embu kikafuata mwaka wa 2016. Palipo na chuo pana wapangaji, na wapangaji wanne au watano wanapokaa chini ya paa moja huzuka swali: je, laini moja ya intaneti inaweza kuwatosha wote?

Tarehe 15 Machi 2020, Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza kufungwa kwa shule na vyuo kwa sababu ya ugonjwa wa korona, swali hilo liliacha kuwa la anasa. Mhadhara ulianza kusikilizwa kwenye meza ile ile ambapo mtoto wa shule ya msingi alikuwa akitafuta kazi yake ya ziada. Waliokuwa na laini moja walilazimika kugawana, na wengi walijifunza kwa uchungu. Sauti ya mhadhiri ilikatika katikati ya sentensi, na hakuna aliyejua kama kosa lilikuwa la kampuni, la kifaa, au la ndugu aliyekuwa chumba cha pili akipakia video.

Makala haya yanaeleza jinsi mkondo mmoja wa intaneti unavyogawanywa kwa tarakilishi kadhaa, na kwa nini ugawanaji huo wakati mwingine hukwama. Aidha, yanagusia istilahi, kwa maana mwanafunzi wa Kiswahili anayeshindwa kumweleza mama yake kwa Kiswahili kwa nini mtandao umekwama bado ana deni.

Kutoka saiba hadi sebuleni

Ugawanaji wenyewe si jambo geni. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa, yaani SEACOM na TEAMS mwaka wa 2009 kisha EASSy mwaka wa 2010, mawasiliano ya intaneti kati ya Kenya na ulimwengu yalitegemea setilaiti. Yalikuwa ghali na ya polepole. Mwenye saiba mjini Meru au Embu alikuwa na mkondo mmoja mwembamba alioutawanya kwa tarakilishi zote zilizopangwa ukutani, na mteja alilipa kwa dakika. Aliyetumia modemu ya laini ya simu hakuweza kupita kilobiti 56 kwa sekunde hata hali ilipokuwa nzuri kabisa. Wateja wa wakati huo wanakumbuka kufungua barua pepe moja, kutoka nje kunyoosha miguu, na kurudi kabla haijafunguka.

Mwaka wa 1999 toleo la pili la Windows 98 lilikuja na uwezo wa kugawa muunganisho bila kifaa cha ziada. Tarakilishi moja yenye modemu ilijifanya lango, ikajipa anwani 192.168.0.1, na nyingine zote zikapitia kwake. Kasoro yake ilikuwa dhahiri: tarakilishi hiyo ikizimwa, nyumba nzima ilikatika. Kisha, mwishoni mwa mwongo uliofuata, kampuni za simu zilipoanza huduma za kizazi cha tatu, vikaja vijimodemu vya kuchomeka ubavuni mwa kipakatalishi. Katika nyumba nyingi za wanafunzi ugawanaji ulikuwa wa mkono kwa mkono. Kimodemu kilizunguka vyumbani kama kiberiti cha jirani, na aliyekuwa nacho usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha tasnifu hakukitoa kwa urahisi.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kifaa kinachoitwa ruta. Ruta huunganishwa kwa upande mmoja na kampuni ya intaneti, kwa waya au kwa mawimbi, na kwa upande wa pili na vyombo vyote vya nyumbani. Simu ya mkononi inapowashwa ili iwagawie wengine data, nayo hugeuka ruta ndogo.

Sanduku moja la posta

Ili tarakilishi ipate jibu kutoka mtandaoni, sharti iwe na anwani. Mfumo wa anwani uliozoeleka una nafasi 4,294,967,296 tu. Idadi hiyo ni ndogo kuliko idadi ya watu duniani, sembuse vyombo vyao. Hivyo kampuni kwa kawaida huipa nyumba anwani moja pekee. Tarakilishi tano zinawezaje kuitumia pamoja bila majibu kuchanganyika?

Msomaji aliyelelewa mashambani hahitaji mfano wa mbali. Familia nyingi za Meru na Embu hazikuwa na sanduku lao la posta. Zilitumia sanduku la shule, la kanisa au la duka sokoni. Barua zote zilifika kwa S.L.P. moja, Embu 60100 au Meru 60200, kisha karani wa shule akazitenga kwa majina. Posta haikujua wala haikujali nani anaishi ng'ambo ya mto Rupingazi au Kathita. Ilijua sanduku tu.

Ruta ndiyo karani huyo. Ndani ya nyumba huvipa vyombo anwani za nyumbani, mathalani 192.168.1.2, 192.168.1.3 na kuendelea. Anwani za aina hii zilitengwa rasmi mwaka wa 1996 kwa matumizi ya ndani, na ndiyo sababu nyumba ya Nkubu na nyumba ya London zinaweza kuwa na anwani zile zile bila kugongana: hazitoki nje ya ua. Chombo kinapotuma pakiti ya data, ruta huifuta ile anwani ya ndani, huandika anwani ya nyumba, na huongeza namba ya mlango. Kisha hunakili katika daftari lake kwamba mlango namba 40,001, kwa mfano, ni wa kipakatalishi cha chumba cha kwanza, na 40,002 ni wa simu ya chumba cha pili. Jibu linaporudi likiwa limeelekezwa kwa mlango 40,002, ruta hutazama daftari, hurejesha anwani ya ndani na kulipeleka panapostahili. Milango inayoweza kuhesabiwa ni 65,536, kwa hiyo nyumba ya kawaida haiwezi kuimaliza. Hata wanafunzi wawili wakifungua tovuti moja kwa sekunde moja, kila mmoja hupata ukurasa wake.

Wataalamu wa mitandao, walioeleza mbinu hii mwaka wa 1994, waliiita tafsiri ya anwani. Wanafunzi wa taaluma ya tafsiri wana haki ya kulalamika. Hapa hakuna maana inayohawilishwa kutoka lugha moja hadi nyingine. Bahasha ndiyo inayobadilishwa jina, na barua iliyomo haiguswi. Kwa Kiswahili, "ubadilishaji wa anwani" ungeeleza jambo hili kwa usahihi zaidi, na ungewaepusha wanaoanza kujifunza na dhana potovu.

Utaratibu huu una matokeo mawili yanayostahili kuzingatiwa. Kwanza, barua inayotoka nje bila kutanguliwa na barua ya kutoka ndani haina mwenyewe katika daftari, kwa hiyo hutupwa. Jambo hilo hukinga nyumba kwa kiasi fulani, lakini humzuia pia mtu anayetaka kuifikia tarakilishi yake ya nyumbani akiwa safarini. Pili, mara nyingi kampuni za simu nazo hufanya vivyo hivyo kwa wateja wao. Tangu mwaka wa 2012 kuna fungu la anwani, linaloanza na 100.64, lililotengwa kwa kazi hiyo. Uhaba wenyewe ni wa kweli: AFRINIC, shirika linalogawa anwani barani Afrika, liliingia awamu ya mwisho ya kugawa akiba yake Januari 2020. Nyumba ya Runyenjes inayotumia intaneti ya simu inaweza basi kuwa inagawana anwani moja na nyumba nyingi isizozijua, nayo ndani yake inagawana tena. Karani ana karani mkubwa juu yake.

Maji ya mfereji

Anwani ikishagawanywa, linabaki suala la kasi, na hapa ndipo ugomvi wa nyumbani huanzia. Miteremko ya Mlima Kenya imejaa miradi ya maji ya wanachama: bomba moja hutoka mtoni karibu na msitu, na kila boma lina mfereji wake. Mkondo wa intaneti hugawanyika kwa namna inayofanana na hiyo. Haukatwi vipande sawa na kufungiwa. Asiyefungua mfereji humwachia mwenzake fungu lake, na wote wakifungua kwa pamoja kila mmoja huona maji yakipungua.

Chukua nyumba yenye mkondo wa megabiti 10 kwa sekunde. Faili ya megabaiti 700 ni sawa na megabiti 5,600, kwa kuwa kila baiti ina biti nane. Akiwa peke yake, mwanafunzi ataipakua kwa sekunde 560, yaani dakika tisa na kidogo. Wapangaji watano wakipakua faili kama hiyo kwa wakati mmoja, kila mmoja hubaki na megabiti 2, na kazi ile ile huchukua takribani dakika 47. Kuchanganya biti na baiti ni kosa la kawaida, nalo huwafanya wengi waamini kwamba kampuni imewapunja mara nane.

Hata hivyo, mgawo sawa hautokei kila mara. Kwa jumla, ruta ya kawaida haihesabu watu. Inayoshindania nafasi ni miunganisho. Programu fulani za kupakua hufungua miunganisho kumi kwa faili moja. Ikiwa wenzake wanne wana muunganisho mmoja mmoja, mwenye kumi ana kumi kati ya kumi na nne, na anaweza kujitwalia karibu megabiti 7 kati ya 10. Huyo ni jirani aliyechomeka mabomba kumi kwenye mradi wa kijiji bila kuuliza, na huenda hata hajui kwamba amefanya hivyo.

Kuna mahali ambapo mfano wa maji unavunjika, na ni mahali muhimu. Maji huteremka tu, ilhali data hupanda na kushuka. Anayepakua faili hutuma juu vijipakiti vya kuthibitisha kwamba amepokea, na mtumaji akikosa uthibitisho hupunguza mwendo. Katika huduma nyingi za nyumbani njia ya kupanda ni nyembamba kuliko ya kushuka. Mtu mmoja anapopakia video ndefu, njia hiyo hujaa, pakiti hupanga foleni ndani ya ruta, na vithibitisho vya wengine hukwama nyuma ya video hiyo kama matatu nyuma ya lori la mchanga kwenye mpando wa bonde la Thuchi. Wote huona mtandao umekufa ingawa njia ya kushuka iko karibu tupu. Mhadhara wa video ndio huumia zaidi, kwani sauti iliyochelewa nusu sekunde haina faida tena. Hiyo ndiyo sababu mwanafunzi aliyenunua mkondo mkubwa zaidi mwaka wa 2020 wakati mwingine hakuona tofauti: alipanua njia isiyokuwa na msongamano.

Dawa ipo na haina gharama kubwa. Ruta nyingi zina sehemu ya kuweka mipaka, ambapo mwenye nyumba huamua kwamba chombo fulani kisizidi kiasi fulani, hasa kwa data inayopanda, au kwamba mazungumzo ya video yatangulizwe. Kuuwekea upakiaji mpaka chini kidogo ya uwezo wa njia hupunguza foleni. Pasipo na uwezo huo, makubaliano hutosha: masasisho ya programu na upakiaji wa picha kwenye hifadhi za mtandaoni viachwe hadi usiku. Hata hivyo, kuna nyakati ambapo hakuna mpangilio wa nyumbani unaosaidia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na Afrika Mashariki nzima ikapungukiwa na kasi. Aliyeizima na kuiwasha ruta yake siku hiyo alipoteza muda.

Kuta, mbao na mabati

Njia ya mwisho, kutoka kwenye ruta hadi kwenye chombo, nayo hugawanywa. Katika Wi-Fi, vyombo vilivyo kwenye mkondo mmoja wa mawimbi huzungumza kwa zamu, kama watu kwenye baraza. Chombo kilicho mbali husikika kwa shida, kwa hiyo huzungumza polepole na kuchukua muda mrefu wa zamu, na walio karibu na ruta hucheleweshwa naye.

Vifaa vya ujenzi vina uzito katika jambo hili. Nyumba za mbao, ambazo bado ni nyingi vijijini, hupitisha mawimbi vizuri. Ukuta wa mawe hupunguza nguvu yake, na mabati huyarudisha yalikotoka. Vyumba vya kupanga vilivyotenganishwa kwa mabati vinaweza kuwa hatua tatu tu kutoka kwenye ruta na visipate kitu. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi kuliko yale ya gigahezi 5, ingawa haya ya pili yana kasi kubwa kwa karibu. Ruta iwekwe katikati ya nyumba na juu, si nyuma ya televisheni kama ilivyo desturi. Tarakilishi ya mezani ambayo haihami ni heri iunganishwe kwa waya, ambao hufanya kazi hadi mita 100, ili iwaachie wengine hewa.

Suala la istilahi

Mkenya aliyesomea Kiswahili huandika tarakilishi, Mtanzania kompyuta, na wengine ngamizi. Kipakatalishi cha Nairobi ni mpakato Dar es Salaam. Nywila na nenosiri yote mawili yanaishi, na neno mdahalishi lililofundishwa katika shule nyingi za Kenya halikuweza kuling'oa neno intaneti. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya Jambo OpenOffice, na kuthibitisha kwamba tarakilishi inaweza kuzungumza Kiswahili. Istilahi za mitandao, kwa upande wake, zimebaki nyuma. Kipanganjia ni neno zuri na linajieleza, lakini fundi anayeweka waya Makutano, Meru, husema ruta, na mteja wake humwelewa. Makala haya yamemfuata fundi. Kwa namba ya mlango, kwa upande mwingine, hakuna neno la mtaani la kufuata, na hapo ndipo kazi ya wanaistilahi ingefaa zaidi kuliko kubuni jina la sita la tarakilishi.

Nywila, jirani na sheria

Kwa kuwa nyumba nzima ina anwani moja kwa nje, kosa la mmoja huonekana kuwa la nyumba. Anayetukana watu mtandaoni kutoka chumba cha tano huacha nyayo zinazoelekea kwa aliyeandikisha laini kwa jina lake. Hiyo ndiyo sababu nywila ya Wi-Fi si ubahili. Mfumo wa zamani wa ulinzi ulioitwa WEP ulivunjwa tangu mwaka wa 2001, na ruta yoyote ambayo bado imewekwa hivyo ni sawa na mlango usio na komeo. WPA2, iliyokuja mwaka wa 2004, au WPA3 ya mwaka wa 2018 ndizo za kuchagua. Nywila ya usimamizi wa ruta, ambayo mara nyingi huja imechapishwa chini ya kifaa, nayo ibadilishwe, la sivyo mgeni yeyote aliyeigeuza ruta na kuisoma anaweza kujifanya karani.

Kwa upande wa jirani, kuikisia au kuivunja nywila ya mwingine ili kutumia mtandao wake si utani. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka wa 2018 huadhibu kuingia katika mfumo bila idhini kwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Mwenye laini naye ana mipaka yake. Wapangaji watano wa nyumba moja wakichanga shilingi 600 kila mmoja kulipia huduma ya shilingi 3,000, hao wanagawana gharama. Mwenye ploti akivuta nyaya hadi ploti tatu za jirani na kuuza kwa saa, huyo ameanza biashara ya mawasiliano, na Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya mwaka wa 1998 humtaka awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Mikataba mingi ya huduma za nyumbani pia hukataza kuuza upya. Kati ya hawa wawili kuna wengi walio katikati, na ni vyema wausome mkataba wao kabla ya kuchangisha.

Ruta nyingi huweza kufungua mtandao wa pili kwa ajili ya wageni, wenye nywila yake, usioweza kuona tarakilishi wala printa za ndani. Katika nyumba za wanafunzi, ambamo watu huingia na kutoka kila muhula, mtandao huo wa wageni huwafaa marafiki wa siku moja. Wapangaji wenyewe hutumia mtandao mkuu, na nywila yake hubadilishwa siku mmoja wao anapohama, pamoja na kitasa.